Katoliki wa Angola

Nilisikia kwanza kwamba padre wetu anatoka Angola nikiwa sokoni Chepilat, nimeinama kuchagua nyanya. Mama aliyekuwa ananiuzia ni Mkisii wa upande ule mwingine wa mpaka wa kaunti, Msabato, mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisa letu. Aliniuliza kama ni kweli sisi Waanglikana wa huku Sotik tumeletewa mchungaji kutoka Angola. Nikamwambia padre wetu ni mzaliwa wa Nandi, na mume wangu, ambaye ni Mkipsigis, huongea naye kwa lugha ya nyumbani bila shida.

"Sasa mbona watu wanasema ni Katoliki wa Angola?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikashika meza yake. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani na nyanya zangu kicheko kiliisha, kwa sababu nilijua neno hilo limetoka wapi, limepinda njiani namna gani, na ni nani aliyelitoa mdomoni mara ya kwanza. Nilijua pia kwamba halikutolewa kwa mzaha.

Mimi ni mwalimu wa somo la dini katika shule ya upili. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba la chai upande wa Kericho, ambako baba yangu, aliyetoka Magharibi mwa Kenya akiwa kijana, alikuwa fundi wa mashine za kiwandani. Alikuja na sanduku la nguo, spana zake na kitabu cha sala cha Kianglikana. Watu kama yeye ndio walioanzisha makanisa yetu madogo katika eneo hili lote, maana wenyeji wengi walikuwa wameshachukuliwa na wamishonari wengine. Nilipoolewa Sotik, nilikuta kanisa la aina hiyo hiyo la mabati na madirisha ya kijani, nikaingia kama mtu aliyeingia jikoni kwa mama yake. Mume wangu alibaki katika kanisa lake, lile la wamishonari wa Kimarekani, ambako hakuna mishumaa wala majoho. Jumapili tunatoka pamoja mpaka barabara kuu, yeye anapanda juu, mimi nateremka. Hatujawahi kugombana juu ya hilo.

Kwa miaka mingi ibada yetu haikuwa tofauti sana na ya mume wangu. Mchungaji alivaa kanzu nyeupe na skafu nyeusi, kwaya ikaimba kwa kinanda, mahubiri yakachukua nafasi kubwa, na Meza ya Bwana ikaandaliwa mara moja kwa mwezi. Tulimwita kiongozi wetu Pasta. Kisha akaja huyu wa Nandi. Alikuwa amehudumu muda mrefu kusini mwa Tanzania kabla ya kurudishwa nyumbani, na mambo ya kule alikuja nayo. Jumapili ya kwanza alisema kwa upole kwamba yeye amezoea kuitwa Padre, lakini tukipenda tumwite Pasta. Alipiga goti mbele ya altare na kufanya ishara ya msalaba. Alivaa joho la rangi, kijani siku za kawaida, zambarau wakati wa Kwaresima. Ibada ya ushirika aliiita Misa, akaifanya kila Jumapili. Polepole wengi wetu tukazoea. Mimi nilizoea upesi kuliko wengine. Nilipenda ule utulivu wakati anapoinua mkate, watu wote wamenyamaza, unasikia ndama anaita huko nje.

Kilichovunja utulivu ni Pasaka. Padre alitoa chetezo cha shaba chenye minyororo, akaweka makaa na ubani, akazunguka altare akikipunga. Moshi ukapanda hadi kwenye mabati, ukakosa pa kutokea, ukatushukia. Mwimbaji mmoja wa besi alikohoa wimbo mzima. Familia nzima iliyokuwa nyuma ikatoka nje. Nilipofika nyumbani mume wangu alininusa begani akasema nanuka kama kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilichotoka kupigwa mkaa. Alisema akitabasamu. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa hakutabasamu.

Mwenyekiti huyo alikuwa amestaafu usimamizi katika kiwanda cha chai Mogogosiek. Ni mtu mrefu, msafi, anayefika kanisani kabla ya mtunza funguo. Watu humheshimu, nami humheshimu, kwa sababu hajawahi kusema nyuma ya mtu jambo ambalo hawezi kulisema mbele yake. Wiki hiyo ya Pasaka alituma ujumbe wa sauti katika kundi letu la WhatsApp la kanisa. Alisema amefanya uchunguzi, na kwamba mambo tunayoletewa yana jina: Anglo-Katoliki. Alisema watu wa namna hiyo huanza na moshi na kuishia Roma.

Mwenyekiti ni Mkipsigis wa kizazi cha zamani, ambaye g na k kwake ni sauti moja. Neno Anglo katika ulimi wake lilitoka "Ankolo". Aliyesikiliza ujumbe akiwa shambani katikati ya kelele za wachumaji alisikia jambo moja, aliyesikiliza kando ya mashine ya kukata nyasi za ng'ombe akasikia lingine, na kabla ya wiki kwisha kanisa letu lilikuwa na Katoliki wa Angola. Baadhi walimhurumia Padre kwa kuja kutoka mbali hivyo. Wengine waliuliza kama ana kibali cha kufanya kazi Kenya.

Nilikwenda kumwona Padre nyumbani kwake, ile nyumba ya kanisa yenye bustani ya sukuma wiki mbele. Alikuwa amevaa gamubuti, anapalilia. Nikamweleza habari ya Angola naye akaangua kicheko, akaegemea jembe. Kisha nikamuuliza waziwazi: wewe ni Anglo-Katoliki?

"Kule nilikotoka hakuna anayeuliza," alisema. "Kule ukisema wewe ni Mwanglikana, ubani umo ndani. Ni kama kuuliza chai yako ina majani."

Tuliingia ndani akaniandalia chai, akanisimulia. Alisema wamishonari wa Kianglikana waliokuja upande wetu wa Afrika hawakutumwa na chama kimoja. Waliokuja Kenya wengi wao walitumwa na watu waliopenda Biblia, mahubiri, na kanisa lisilo na mapambo. Waliokwenda Zanzibar na kusini mwa Tanganyika walitumwa na wengine, waliopenda altare, ungamo na ubani. Wote walitoka kanisa moja la Uingereza. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kusini alilelewa katika moshi, na mtoto aliyezaliwa Magharibi mwa Kenya akalelewa bila moshi, na kila mmoja akikua anadhani namna ya kwao ndiyo Uanglikana wenyewe, na ya mwenzake ni kitu cha kuongezwa. Alilisema hilo bila uchungu. Nikamwambia mkutano wa wazee umeitishwa Jumamosi, na ajenda ni yeye. Alisema anajua. Akaniomba, kama mwalimu, nieleze neno lenyewe, ili angalau watu wabishane juu ya kitu wanachokijua.

Nilikubali bila kusita. Sikuwa na hofu. Nimesimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu saa nane mchana, baada ya chakula kizito cha githeri, nikawafundisha mabaraza ya kanisa la kale na wakakaa macho. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, nikasoma na mengine mapya, nikajiandaa.

Jumamosi hiyo tulikutana baada ya watu kupeleka majani yao ya chai kwenye kituo cha kupimia. Mvua ilikuwa inaonyesha dalili lakini haikunyesha. Mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akasema hana ugomvi na Padre kama mtu. Alisema wazazi wake waliacha mengi ili waingie kanisa hili, na hakutaka kufa katika kanisa lingine ambalo hakulichagua. Baadhi ya wazee waliitikia. Kisha akanipa nafasi, akisema Mwalimu anataka kutufundisha.

Nikaanza na Angola, ili tulimalize. Watu wakacheka, na hata Mwenyekiti akainamisha kichwa. Nikasema Anglo ni jina la watu wa kale, Waangli, waliovuka bahari wakakaa katika kisiwa kile cha Waingereza, na ndio walioipa Uingereza jina lake kwa Kiingereza. Ni jina lile lile lililo ndani ya neno Anglikana. Kwa hiyo anayeogopa Anglo ajiogope kwanza mwenyewe.

Kuhusu nusu ya pili sikutaka kueleza. Niliwaomba tusimame tukiri imani, kama tunavyofanya Jumapili. Wakashangaa lakini wakasimama. Tuliisema pamoja, kwa sauti za watu wazima walioijua tangu utotoni, na tulipofika mahali pa kanisa takatifu, katholiko, nikainua mkono tukaishia hapo.

"Mzee," nikamwambia Mwenyekiti, "hilo neno umelisema maisha yako yote. Maana yake nini?"

Alilifikiria kwanza. Yeye si mtu wa kutegwa.

"Maana yake ni kanisa la dunia nzima," akasema. "La watu wote, la nyakati zote. Sio la Roma peke yake."

"Hiyo ndiyo maana yake, Mzee. Siwezi kuongeza."

Niliongeza hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nikasema ni neno la Kigiriki, linalobeba wazo la uzima wa kitu, kitu kikiwa chote bila kukatwa vipande. Nikasema Waingereza walipojitenga na Papa, wasomi wao waliulizwa kama bado wao ni kanisa lile la kale, na baadhi wakajibu kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa siku hizo, kwa neno hilo hilo linalotusumbua: sisi ni Wakatoliki wa Kiingereza. Walikuwa wanamaanisha kwamba wamemwacha Papa lakini hawakuwaacha mitume. Wakati huo neno halikuwa na harufu yoyote ya ubani. Lilimaanisha kanisa zima la Uingereza, mwenye mishumaa na asiye na mishumaa.

Baadaye sana, nikasema, katika karne ya kumi na tisa, walitokea makasisi na walimu katika mji mmoja wa chuo kikuu kule, walioona kanisa lao limelala na serikali imelishika shingo. Wakaandika vijitabu kuwakumbusha watu kwamba kanisa lina maaskofu waliorithi kazi ya mitume, na sakramenti, na ibada ya kale. Wapinzani wao waliwabandika majina, hata wakawaita watu wa vijitabu. Wao wakalishika lile neno la zamani na kulivaa. Waliowafuata wakaongeza majoho, chetezo na ungamo, na tangu hapo neno likawa jembamba: halikumaanisha tena Waanglikana wote, ila wale wa kundi hilo.

Mzee mmoja, mfugaji wa upande wa Chepilat, akauliza habari ya Papa, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiwakeresha. Nikamjibu kwamba wako Waanglikana wachache wanaotamani kuwa chini ya Papa, na hao hata wenzao wamewapa jina la peke yao. Anglo-Katoliki wa kawaida hayuko huko. Anaweza kumheshimu Papa kama askofu mkubwa, lakini hasubiri amri yake. Padre, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema kwa ufupi kwamba yeye aliapa kwa askofu wetu, na hana askofu mwingine.

Nilikaa nikijua nimefundisha vizuri. Nilimtazama Mwenyekiti nikidhani mambo yamekwisha. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nashukuru Mwalimu," alisema. "Ametuonyesha kwamba neno ni letu. Nililisema kama tusi na sitalisema hivyo tena. Lakini yeye mwenyewe amesema maneno ni mawili ndani ya moja. Lile pana ni letu sisi wote. Lile jembamba ni la wale wa moshi. Mimi niko katika lile pana. Hiyo moshi bado siitaki."

Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo hapo hapo. Ndiyo sababu nampenda mtu anayesikiliza; anaweza kukushinda kwa mizani yako mwenyewe. Mkutano uliisha bila uamuzi. Padre hakufukuzwa, chetezo hakikuruhusiwa wala kukatazwa, na Angola ikarudi mahali pake kwenye ramani.

Huenda tungekaa hivyo miaka. Lakini wakati wa baridi, ukungu ulipokuwa haupandi mpaka karibu saa sita, mke wa Mwenyekiti alipata kiharusi. Walimlaza hospitali, kisha wakamrudisha nyumbani, mkono na mguu wa kulia vikiwa vizito, na maneno yakimtoka kwa kazi. Alikuwa mama mnyamavu tangu zamani, wa kupika chai ya mkutano na kukaa nyuma. Padre aliniomba tumtembelee pamoja, kwa kuwa mimi ni mwanamke na pia mzee wa kanisa. Alibeba Biblia, na katika mfuko mdogo wa ngozi alibeba mafuta yaliyobarikiwa na mkate uliowekwa akiba kutoka altare. Wachungaji wetu wa awali walikuwa wakienda kuomba na wagonjwa, na waliomba vizuri. Mafuta hawakuja nayo.

Tulimkuta Mwenyekiti zizini, mikono ya shati imekunjwa, anakamua mwenyewe kwa sababu mke wake ndiye aliyekuwa akikamua. Padre akamweleza alichokuja kufanya, na akamwambia kwamba asipotaka, tutasoma zaburi na kuomba tu. Mwenyekiti akasema tumuulize mwenye ugonjwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, amefunikwa blanketi. Padre alipotoa kile kichupa cha mafuta, kabla hajaeleza chochote, mama aligeuza kiganja cha mkono wake mzima kikatazama juu. Kisha akaushika ule mkono mzito na kuugeuza nao, polepole, akauweka kando ya mwenzake. Nimeona wagonjwa wengi wakiombewa. Sikuwahi kuona mtu aliyejua hivyo mikono yake inatakiwa iwe wapi.

Padre akampaka kwenye paji la uso na kwenye viganja. Mama akasema kitu, nikainama nisikie. Alisema kwa Kipsigis, neno kwa neno, kwamba alipakwa akiwa msichana. Alikulia kwa Wakatoliki, karibu na misheni moja upande wa Kericho. Alipoolewa alihamia kanisa la mume wake, kama wanawake wanavyofanya huku, na hakuna aliyemuuliza ameacha nini nyuma.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Alijua mke wake alitoka wapi, kwani ndiye aliyekwenda kumposa. Lakini nadhani hakuwahi kuiona ile mikono ikifunguka hivyo. Aliiweka ndoo chini, akavua kofia, akakaa karibu naye mpaka mwisho wa sala. Padre alipogawa mkate, Mwenyekiti alipokea pia, akiwa na harufu ya zizi, naye mke wake akamtazama akitafuna.

Alitusindikiza mpaka langoni. Nyasi zilikuwa zimelowa na viatu vyangu vilijaa maji. Alimshika Padre mkono kwa mikono yake miwili.

"Hiyo mafuta ni sawa," akasema. "Uje nayo tena. Hiyo moshi, Padre, hapana."

Padre akamjibu kwamba amesikia yote mawili.

Alirudi kila wiki, mara nyingine nami, mara nyingine na mama mwingine wa kanisa. Mama hakupona kabisa, lakini Desemba alikuja kanisani kwa fimbo, akaketi mbele. Kabla ya Krismasi wazee walikutana tena. Safari hii Mwenyekiti ndiye aliyeleta pendekezo, na alikuwa amelifikiria: ubani utumike Krismasi na Pasaka tu, katika ibada ya pili, na madirisha yote yafunguliwe kabla. Anayeukataa aende ibada ya kwanza. Misa ya kila Jumapili ibaki. Anayependa kusema Padre aseme Padre, anayependa Pasta aseme Pasta. Padre alikubali hapo hapo. Aliniambia baadaye kwamba kule kusini alizoea ubani kila Jumapili, na angeukosa, lakini hakuja Sotik kulea pua yake.

Krismasi hiyo Mwenyekiti alihudhuria ibada ya kwanza kama alivyosema. Ya pili ilipoanza alimleta mke wake, akamkalisha kwenye benchi la mbele, akatoka na kusimama kando ya tangi la maji pamoja na wanaume wengine wawili watatu. Kutoka kwenye kwaya nilimwona kupitia dirisha lililo wazi. Mke wake alipofikiwa na ule moshi alifumba macho akavuta pumzi ndefu. Wakati wa mahubiri Mwenyekiti aliingia akaketi kando yake.

Mimi nikiulizwa siku hizi ni Mwanglikana wa aina gani, sizunguki. Nasema ni Anglo-Katoliki, na nina uwezo wa kueleza maana zote mbili kabla chai haijapoa. Mume wangu anasema ndiyo maana wageni wetu hawaulizi mara ya pili. Majuzi alikuja mama mmoja kijana aliyehamia kutoka Nyamira, akasimama mlangoni baada ya ibada akiwa na mtoto mgongoni, akamuuliza Mwenyekiti kama hili ni kanisa la Katoliki, kwa sababu ameona padre amevaa joho.

Mwenyekiti alifikiria kidogo, kama alivyofikiria siku ile nilipomuuliza.

"Ni Anglikana," alimwambia. "Katholiko tunayo kwa sala. Ingia tu, mama, kuna chai."